Mwenye Njaa Ana Miiko Yake

Mahindi ya njano yalifika Buna mwaka 1984, nikiwa mtoto wa miaka sita. Yalishushwa kwa magunia kutoka lori lililogeuka rangi kwa vumbi, yakagawiwa kwa kopo, kila nyumba ikapata fungu lake. Akko, ndivyo sisi wa lugha ya Kiborana tunavyomwita bibi, alirudi na lake kwenye pindo la shuka, akakaa mlangoni mwa herio, nyumba yetu, akachota konzi moja na kuinusa. Kisha akamwita mbuzi.

Mbuzi mwenyewe alikuwa mmoja tu. Wenzake walikwisha, ng'ombe walikwisha kabla yao, na ngamia wachache waliosalia walikuwa wameswagwa na baba na ndugu zake mbali, upande wa Ethiopia, kufuata malisho. Tangu alfajiri sikuwa nimetia kitu tumboni ila chai ya rangi. Nikamuuliza akko kwa nini anampa mbuzi chakula chetu.

"Hiki si chakula," alisema bila kuniangalia. "Mbuzi atakigeuza kiwe chakula."

Jioni akamkama kikombe kisichojaa, tukakinywa watu wanne. Mama hakuwa na subira ya kungoja kazi ya mbuzi. Alichemsha fungu lake, akatia chumvi, tukatafuna. Nilikula, lakini nilikula kama mtu anayetimiza amri, na hadi leo nikiona ugali wenye umanjano, hata kwa mbali, koo langu hujifunga.

Ukubwani ndipo nilipojua kwamba mahindi yale yaliagizwa kutoka Marekani, na kwamba nchi nzima iliyanung'unikia. Watu wa Nairobi na wa Mlima Kenya, ambao shida yao haikufika hata robo ya yetu, walisema waziwazi kwamba mahindi ya njano ni ya kulishia mifugo. Akko hakuwa na redio wala hakujua Nairobi iko upande gani, lakini aliafikiana nao neno kwa neno.

Nilipofika darasa la nne, mwalimu wetu wa Kiswahili, Mtaita mpole mwenye mwandiko wa kupendeza, aliandika ubaoni: Mwenye njaa hana miiko. Akatuuliza maana. Nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, kwa kuwa neno mwiko nililijua vizuri: ni ule mti mrefu ambao mpishi wa shule aliukorogea uji, na kutupigia vidole tulipoikaribia sufuria. Nikasema, "Mwalimu, mtu mwenye njaa hana mwiko kwa sababu hana cha kupika." Mwalimu alicheka mpaka akaketi. Kisha akatueleza ule mwiko wa pili, wa makatazo: kwamba njaa ikikushika, unakula chochote unachopewa. Darasa likaitikia ndiyo, Mwalimu. Mimi nikamkumbuka yule mbuzi, nikasema methali hiyo si ya kweli.

"Methali haisemi uongo," akajibu. "Kaa chini."

Nimekaa chini zaidi ya miaka 35. Leo nimesimama tena.

Kwa asiyepajua, Buna ni mji mdogo wa Wajir Kaskazini, kwenye njia ya kutoka Wajir kwenda Moyale. Wakoloni waliuhesabu katika ile wilaya yao ya mpakani iliyojulikana kama NFD, na mwaka 1940 majeshi ya Italia, baada ya kuiteka Moyale, yalisogea hadi hapo kabla ya kurudishwa nyuma. Ni mji wa Waajuran, Wadegodia na Wagarre; kwenye meza moja ya chai utasikia Kiborana na Kisomali vikipishana, na Kiswahili kikiingia pale afisa wa serikali anapovuta kiti.

Kwa Kiborana, buna ni kahawa. Watu wa pwani nao huita kahawa mbichi buni, kwa hiyo mwalimu wetu aliposikia jina la mji wetu mara ya kwanza, alitarajia kukuta mashamba. Alikuta miiba. Kahawa yetu haipandwi hapa wala hainywewi kama yake. Punje huachwa na maganda yake, kila moja ikang'atwa kidogo nchani, kisha zikatumbukizwa ndani ya samli inayochemka. Huitwa buna qalaa, kahawa iliyochinjwa, na ule mng'ato ndio kisu. Samli huchachatika, harufu hujaa nyumba nzima, wazee huomba dua kwa mvua, watoto na mifugo, kisha kila mtu hupewa punje chache zinazoelea katika samli yake. Sisi watoto tulilamba samli na kutema punje nyuma ya herio, ambako kuku wangezila, kama tungekuwa na kuku.

Hatukuwa nao. Kwa wafugaji wa upande wetu wa miaka ile, kuku hakuwa chakula, na yai lilikuwa mbali zaidi. Mwalimu Mtaita ndiye aliyefuga kuku nyuma ya nyumba yake, na muhula mmoja akatangaza kwamba atakayeongoza darasa atapata zawadi. Niliongoza mimi. Zawadi ilikuwa yai la kuchemsha, bado lina joto, limefungwa katika karatasi ya daftari. Nililibeba hadi nyumbani kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba kaa la moto. Akko alilitazama, akaniuliza mwalimu amenikosea nini. Nilipomwambia kwamba ni tuzo, alifikiri kidogo, akasema, "Mrudishie mama yake." Nilirudi nalo jioni nikaliacha karibu na banda. Kesho yake mwalimu alinieleza, kwa subira kubwa, kwamba yai lililochemshwa halirudi kuwa kifaranga.

Samaki hata sisemi. Niliwaona mara ya kwanza Garissa, kando ya Mto Tana, wakiuzwa na watu wa mtoni, na binamu yangu aliyekuwa pamoja nami alivuka barabara ili harufu isimshike nguo. Binamu huyo huyo alikuwa amekula mlo mmoja kwa siku kwa miezi miwili.

Lakini nisije nikaonekana kama ninayehesabu machukizo tu. Tulikuwa na tulivyovipenda, na cha kwanza kilikuwa maziwa ya ngamia. Kabla ya kukamiwa ndani yake, gorfa, kile chombo kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi, hufukizwa kwa vijinga vya moto vya mti maalumu, na moshi ule huingia katika maziwa ukakaa. Ladha yenyewe haitulii mahali pamoja. Ngamia akila vichaka vya chumvichumvi, maziwa huja na chumvi yake. Mvua ikinyesha akapata majani mabichi, huwa mepesi na yenye utamu wa mbali. Mtoto wa Buna wa wakati wangu aliweza kunywa funda moja akakuambia ngamia walikolala. Yakiachwa yachachuke yanakuwa susa, makali ya kukunja uso, na ukimpa mgeni susa ukamwona anamaliza bakuli bila kupepesa jicho, huyo unaweza kumwoza binti yako.

Mwalimu Mtaita hakumaliza bakuli. Alipewa chai ya maziwa ya ngamia nyumbani kwetu, akanywa kidogo, akasema kwa adabu kwamba ina ladha ya jiko. Baba alicheka akamwagizia ya rangi. Siku zile nilimwona mwalimu kuwa mtu wa ajabu, mwenye kula mayai na kukataa maziwa. Sikujua kwamba naye, baada ya kutuona tukitoa macho mbele ya sahani za shule, alikuwa akiwaza vivyo hivyo juu yetu.

Kiswahili na maharagwe vilitufikia kwa lori moja. Ndivyo ninavyokumbuka. Mpango wa kulisha wanafunzi katika maeneo kame ulianzishwa mwaka 1980 na serikali pamoja na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, na kwa wazazi wengi wa kwetu ndio uliokuwa hoja ya kwanza ya kumtoa mtoto malishoni kumpeleka darasani. Mimi mwenyewe sikupelekwa shule nikasome. Nilipelekwa nikale, kusoma kukafuatia. Kabla ya hapo sikuwahi kutia harage kinywani. Sikuwa na jina lake katika lugha yoyote. Kwa hiyo neno na kitu vilikuja pamoja: maharagwe, sahani, foleni, nyamaza.

Jiko lilikuwa mafiga matatu makubwa chini ya paa la bati, na sufuria ambayo mtoto wa darasa la kwanza angeweza kuogea. Mafuta yalikuja kwa madebe yenye picha ya mikono miwili iliyoshikana, na debe likiisha halikutupwa. Lilikatwa, likanyooshwa, likawa mlango. Nusu ya milango ya Buna ilikuwa imeshikana mikono. Ndani ya sufuria mlikuwa na mahindi na maharagwe, na baadhi ya mihula ngano iliyosagwasagwa, bulga, ambayo ilivimba ikawa kama mchanga uliolowa. Na muhula mmoja, sitausahau, zilikuja njegere kavu za njano.

Tuliziita gololi. Zilichemshwa tangu alfajiri na saa sita bado ziligonga sahani kama mawe. Siku ya tatu nilikula mbili au tatu zaidi ya kiasi, na usiku ule nilitapika hadi nikaona nyota ndani ya nyumba. Pengine haikuwa njegere. Ndugu zangu wawili walikuwa na homa wiki ileile, na maji ya kisima yalikuwa yamepungua na kubadilika rangi. Lakini tumbo langu halikutaka uchunguzi. Lilitoa hukumu usiku uleule, na hukumu hiyo haijakatiwa rufaa.

Miaka mingi baadaye nilisoma kuhusu majaribio ya Mmarekani John Garcia, aliyeandika mwaka 1955 kuhusu panya waliopewa maji ya utamu kisha wakapigwa mionzi inayotibua tumbo. Panya wale hawakugusa tena maji matamu, ingawa kilichowadhuru ni mionzi. Tumbo hukamata mshukiwa wa karibu na kumfunga maisha. Niliposoma habari hiyo nilifarijika sana, nikawasomea wenzangu ofisini kwa sauti. Hawakuelewa kwa nini panya wa mwaka 1955 wananifurahisha.

Jambo jingine la sufuria lilikuwa fukusi. Mahindi yakikaa ghalani muda mrefu huota wadudu, na siku nyingine walielea juu ya mchuzi wakiwa wengi kuliko maharagwe. Njaa tulikuwa nayo, tena ya kweli. Hata hivyo mvulana mmoja wa darasa la sita, mwenye kipaji cha mabishano, aliweka sahani chini na kuuliza iwapo mdudu huyu ni halali. Hakuna aliyekula. Foleni nzima ilisimama na sahani zake, watoto wapatao mia moja ambao kifungua kinywa chao kilikuwa chai ya rangi, wakisubiri jibu. Mpishi alitukana. Mwalimu mkuu aliahidi viboko. Mwishowe aliitwa maalim wa duksi, yaani chuo cha Kurani, aliyefika taratibu, akatazama sufuria, akatoa jibu la madhehebu yetu ya Shafi: mdudu akiliwa pamoja na nafaka alimozaliwa hakuna ubaya, kwa kuwa kumtenga ni taabu, lakini ukimchambua ukamla peke yake, hapo umekosea. Tukala. Kwa wiki nzima mchezo wetu mkubwa ulikuwa kutishana kumchambua mmoja.

Angekuwapo aliyeitunga ile methali, ningemsimamisha kwenye foleni hiyo.

Maziwa ya Nyayo nayo yalitufikia, ingawa kwa kubahatisha, kutegemea lori na barabara. Rais Moi alikuwa ameanzisha mpango huo wa kuwapa wanafunzi maziwa mwaka 1979, na pakiti zake za pembetatu zinakumbukwa na kila Mkenya wa rika langu kwa machozi ya furaha. Marafiki zangu wa Nakuru na Kisumu wanaweza kuyazungumzia saa nzima. Mimi hukaa kimya. Tulipoyaonja mara ya kwanza tulitazamana. Yalikuwa meupe, baridi, na hayakuwa na kitu ndani yake: hakuna moshi, hakuna chumvi, hakuna habari za mahali. Msichana aliyekaa nami dawati moja aliuliza kama ni maziwa ya ngamia aliyekufa. Tuliyanywa kwa sababu ya sukari tuliyoiba jikoni, na pakiti tukaziweka, maana ukiikanyaga ikiwa imejaa hewa hulipuka kama bunduki.

Mwaka 1993 niliingia kidato cha kwanza katika shule moja ya bweni huko nyanda za juu, mahali pa ukungu na matope mekundu, na hapo ndipo nilipojua kwamba maharagwe ya Buna yalikuwa utangulizi tu. Githeri mchana. Ugali na sukuma wiki jioni. Githeri tena. Wavulana wa kutoka kaskazini tulikuwa saba, na jioni ya kwanza mmoja wetu aliinua ile sukuma wiki kwa kidole, akaitazama kwenye taa ya bwalo, akasema kwa Kiswahili chetu cha Wajir, "Mimi si mbuzi." Bwalo zima lilicheka, nasi tukapata jina. Hadi kidato cha nne tuliitwa Meza ya Mbuzi, ambalo kwa kweli ni jina lisilo na mantiki, kwani sisi ndio tuliokataa majani.

Jumamosi ilikuwa siku ya nyama. Kwa wenzetu ilikuwa sikukuu ndogo. Walianza kuinukia tangu asubuhi na kupanga foleni kabla ya kengele. Sisi saba, watoto wa watu walioishi kwa nyama na maziwa, hatukujua nani aliyechinja wala kwa jina la nani, na hakuna aliyetaka kutuambia kwa uhakika. Basi siku hiyo moja tu ya juma, Meza ya Mbuzi ilikula ugali kwa mchuzi wa kabichi, huku nyama tukiigawa kulia na kushoto. Tulipata marafiki wengi sana wa Jumamosi.

Kilichoniokoa ni vitu viwili, kopo na parachichi.

Kopo alilifunga mama. Kila nilipoondoka alinipa nyirinyiri: nyama ya ngamia iliyokatwa vipande vyembamba kama kamba, ikaanikwa hadi ikauka, ikakatwakatwa vidogo, ikakaangwa mpaka ikawa nyeusi, ikafunikwa na samli juu kabisa pasipenye hewa. Ikiwa hivyo hukaa miezi. Ilisafiri nami juu ya shehena za malori na ndani ya mabasi, siku mbili na zaidi, na kijiko kimoja juu ya ugali wa shule kiliugeuza kuwa ugali wa mtu fulani. Nililificha kopo chini ya soksi ndani ya sanduku, ambako harufu yake ilijitangaza yenyewe. Jirani yangu wa kitanda, Mkikuyu wa Nyeri, alisema bweni linanuka duka la viatu.

Parachichi lilikuwa lake. Kwao kulikuwa na mti, na kila baada ya siku ya kutembelewa na wazazi alirudi na nusu gunia. Nilipomwona akilikata nikadhani ni sabuni; lilikuwa na ule ukijani na ule utelezi. Akalipondaponda ndani ya githeri yake, akatia chumvi, akanisogezea bakuli. Sikutaka. Kisha nikaonja, na sijui niseme nini: lilikuwa kama samli iliyoota mtini. Yale mahindi magumu yalilegea, yale maharagwe yakapata adabu. Tulikubaliana bei usiku uleule, vijiko vitatu vya nyirinyiri kwa parachichi moja, na bei hiyo haikupanda wala kushuka kwa miaka minne, hata mfumuko wa bei ulipoitikisa nchi. Hadi leo ndicho chakula ninachokipenda kupita vyote vya huko, na nimewahi kubeba parachichi kumi kwenye basi hadi Buna kumwonjesha mama. Alikula kwa sukari. Kila mtu na makosa yake.

Ukubwani mgao nilikutana nao tena Dadaab, nilikofika mara kadhaa kikazi. Kambi zile za wakimbizi, zilizoko kaunti ya Garissa, zilianza mwaka 1991 Wasomali walipokimbia vita kwao, na kwa miaka mingi chakula kilichogawiwa kilikuwa kile nilichokijua tangu utotoni: nafaka, kunde, mafuta, chumvi, kila kitu kwa gramu. Siku ya mgao, hatua chache kutoka lango, walikaa wanunuzi na mizani. Mwanamke alitoka na gunia lake, akapima sehemu, akauza kwa bei ya kutupa, akavuka kwenda dukani kununua sukari, maziwa, na basta. Basta ni tambi ndefu, urithi wa Waitalia walioitawala kusini mwa Somalia, na Msomali huila kwa mkono na mchuzi wa nyama, ndizi mbivu ikiwa kando, jambo ambalo Mwitalia hangelitambua. Wageni waliotembelea kambi walilishangaa soko lile na wengine walikasirika. Walisema, kumbe hawa hawana njaa. Mimi niliona akko na mbuzi wake. Mwanamke yule alikuwa akigeuza kitu kiwe chakula.

Hatimaye hata wagawaji wenyewe waliliona. Mwaka 2015 katika kambi ya Kakuma, na mwaka 2016 Dadaab, WFP ilianzisha Bamba Chakula: sehemu ya mgao ikageuzwa kuwa fedha za simu ambazo mkimbizi angezitumia kwa wenye maduka waliosajiliwa, akachagua mwenyewe chakula cha kununua. Nilidhani jambo hilo lingepokewa kama mapinduzi. Mzee mmoja niliyemuuliza maoni yake alinijibu kwamba anashukuru, ila alishangaa limechukua miaka 25 kumuuliza mtu anachokula.

Sitaki kudanganya. Ipo njaa ambayo ile methali ilitungwa kwa ajili yake. Akko mwenyewe alinisimulia mwaka mmoja wa ujana wake walipochemsha ngozi za matandiko ya ngamia na kunywa maji yake, na aliposimulia hakuwa na kichekesho chochote usoni. Lakini hiyo ni njaa ya mwisho, ya siku chache kabla ya kifo au mvua. Kabla yake kuna njaa ndefu, ya miezi na miaka, ambayo watu huishi ndani yake, huoa, husoma, hubishana. Ndani ya njaa hiyo mtu hubaki na ulimi wake, na mara nyingi ndio mali ya pekee ambayo ukame haujaichukua. Mgao wa shule wa miaka ya karibuni ulikuwa gramu 150 za mahindi, gramu 40 za kunde, gramu 5 za mafuta na gramu 3 za chumvi kwa mtoto kwa siku. Sina ugomvi na hesabu hiyo, imenikuza. Ninachosema ni kwamba aliyeiandika hakuacha hata mstari mmoja wa kitu ambacho mtoto angekitaka.

Nyumbani kwangu Nairobi mambo yamegeuka. Maziwa ya ngamia hufika Eastleigh kwa basi kutoka Isiolo, yamejaa katika madumu ya njano, kazi ya akina mama wafanyabiashara wanaojua kuwahi kabla jua halijayaharibu. Kila Jumapili mimi huenda kununua lita mbili. Binti yangu wa miaka tisa hunusa kikombe na kusema, "Baba, hii inanuka moto." Ana sauti ileile ya Mwalimu Mtaita. Mwaka 2001 watafiti wa Philadelphia wakiongozwa na Julie Mennella walionyesha kwamba watoto ambao mama zao walikunywa maji ya karoti wakati wa ujauzito au wakinyonyesha walipokea chakula chenye ladha ya karoti kwa uso mkunjufu kuliko wengine. Mke wangu alibeba mimba ile Nairobi, akinywa maziwa ya pakiti. Ulimi wa binti yetu umefanya kazi yake vizuri kabisa. Ninachokinywa Jumapili nakinywa peke yangu.

Mwaka juzi, muhula wa pili, nilipita Buna kumwona mama nikaingia katika shule nyingine ya hapohapo, isiyo ile niliyosoma, kumsalimu mwalimu ninayemfahamu. Ilikuwa saa ya chakula. Mpango wa kulisha wanafunzi siku hizi uko mikononi mwa serikali yenyewe; WFP iliukabidhi rasmi mwaka 2018. Sufuria lakini ni ileile, na moshi ni uleule, na mpishi, mama mwenye buibui jeusi na mikono ya nguvu, alishika mwiko mrefu kama ule wa zamani. Nilichungulia. Mahindi na njegere kavu za njano.

Nilijitetea kwamba nimekwisha kula kwa mama. Nikaketi kwenye ukuta mfupi kivulini, kando ya mvulana wa miaka minane hivi aliyekuwa na sahani magotini. Alikuwa na kazi kubwa. Alichambua njegere moja moja kwa kidole na kuzipanga ukingoni mwa sahani, kisha akala mahindi yote, haraka, hadi ya mwisho, akaramba na mchuzi. Ilikuwa wazi kwamba hakushiba. Njegere 11 zilibaki zimejipanga kama askari.

Aliinua macho akaniona ninatazama, na ninadhani alinielewa vibaya. Alifuta mkono kwenye kaptula, akashika sahani kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, akanisogezea.

"Adeer," alisema, "karibu."

Mpishi alikuwa akitutazama. Mwalimu rafiki yangu alikuwa akitutazama. Nilizila zote 11, na zilikuwa ngumu.